Chuma Kinachonyamazishwa Upareni

Uvumi wa dhahabu waliyoifukia Wajerumani walipokuwa wakifukuzwa mwaka 1916 umewatia wengi wazimu nchini Tanzania. Mwenye kuuamini, akiikusudia Same na milima ya Upare, swali lake la kwanza ni moja: anunue mashine gani ya kunusia madini ardhini? Naye hushauriwa achague ile inayobagua, yaani inayonyamaza ikikuta chuma na kulia ikikuta dhahabu au fedha.

Hapo ndipo upotevu ulipo. Milima ile haikusifika kwa dhahabu. Ilisifika kwa chuma. Masimulizi aliyoyakusanya mwanahistoria Isaria Kimambo yawataja Washana, ukoo wa wahunzi, kuwa watawala wa Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Mchanga mweusi wa mitoni uliyeyushwa kwa makaa na mivukuto, na Wachagga wakakinunua chuma chake. Basi mashine iliyofundishwa kukidharau chuma imefundishwa kuidharau tarikhi yenyewe ya Wapare. Wala makaa na majivu ya tanuri haiyasikii.

Watasema: kilichookotwa kimeokolewa. La! Jembe lililong'olewa pasi na kuandikwa lilikuwa tabaka gani, kando ya majivu gani, ni bubu. Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimbua bila ya kibali.

Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini huyu na aambiwe: mashine iliyo bora kwa Upare ni ile iliyobaki dukani.