Mbuzi wa fainali hamfundishi mtu kupiga penalti

Malipo ya korosho yakishaingia, fedha huzunguka Masasi na Newala, na mpira nao hupata wafadhili. Kijiji kama Chidya hakikosi mdau wa kuweka mbuzi, jezi au bahasha kwa atakayebeba kombe. Ni jambo jema na tunalipongeza. Swali letu ni moja tu: kwa nini zawadi yote isubiri fainali?

Motisha inafanya kazi, hilo halina ubishi. Februari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi Sh5 milioni kwa kila bao la Simba na Yanga kwenye michuano ya Afrika. Machi 18, Simba wakaichapa Horoya ya Guinea mabao 7-0 kwa Mkapa, Clatous Chama akitupia matatu, na Sh35 milioni zikaenda Msimbazi. Yanga nao wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho.

Lakini fedha huongeza mbio na kujituma kuliko inavyoongeza shabaha. Aprili 28 mwaka huohuo, kule Casablanca, Simba walitolewa na Wydad kwa penalti 4-3. Waliokosa ni Shomari Kapombe na Chama, yuleyule aliyewanyanyasa Horoya. Hatusemi ahadi ya fedha ndiyo iliyowakosesha. Tunasema ari ilikuwepo tele, na bado haikutosha kuingiza mpira wavuni.

Watafiti waliliona hili India, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Waliwapa wanakijiji michezo ya shabaha, kumbukumbu na umakini. Walioahidiwa donge nono kuliko wote, karibu sawa na matumizi ya nusu mwaka, ndio waliovurunda zaidi.

Sababu yake mchezaji yeyote anaijua. Kupiga mpira ni kitu ambacho mwili umeshazoea. Dau likipanda mno, mtu anaanza kuusimamia mguu wake mwenyewe: apige pembe ipi, kwa nguvu gani, na akikosa kijiji kitasema nini. Mguu unakuwa mzito, mpira unapaa hadi kwenye mikorosho. Kijana anayekosa penalti ya mbuzi anaweza kununiwa wiki nzima, na wengine wa aina hiyo huwaoni tena uwanjani. Hapo ndipo tunapopoteza vipaji.

Upande wa pili kuna habari njema. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu waliozawadiwa wakati wanajifunza ujuzi mpya wa mkono waliushika vizuri zaidi hata siku 30 baadaye, kuliko wenzao wasiopewa kitu.

Kwa hiyo wafadhili wetu, mbuzi abaki, ila gawanyeni bajeti. Nunueni mipira ya mazoezi. Mpeni soksi au viatu kijana asiyekosa mazoezini. Wekeni kizawadi kidogo kwa anayefunga penalti nane kati ya kumi jioni ya Jumanne, wakati hakuna anayemzomea. Nanyi makocha, siku ya mechi achaneni na habari za bahasha pale katikati ya uwanja. Mkumbusheni kijana anavyopiga siku zote.

Tukimlipa kwa kujifunza, siku ya fainali atapiga kama alivyozoea. Mbuzi atakuja mwenyewe.