Mahakama ya Venisi Haikutenda Haki

Kesi ya Shylock, mkopeshaji Myahudi, na Antonio, katika kitendo cha nne cha tamthilia ya William Shakespeare iitwayo The Merchant of Venice, husomwa na kufundishwa kama ushindi wa huruma dhidi ya kisasi. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu tangu 1969, tafsiri ya Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi, ilipochapishwa. Inaaminika kwamba Portia ni mwamuzi mwenye hekima aliyeiokoa sheria mikononi mwa Myahudi mkatili. Imani hiyo haina msingi. Kilichotendeka pale ni dhuluma iliyovishwa joho la sheria, na aliyeitenda ni mwanamke ambaye jamii hiyohiyo isingemruhusu kusimama mahakamani kwa jina lake.

Portia si hakimu wala mwanasheria. Anaingia akiwa amevaa nguo za kiume, kwa jina la Balthazar, akiwa na barua ya Dakta Bellario wa Padua. Bassanio, mumewe, ndiye aliyekopewa dukati 3,000. Antonio, rafiki wa Bassanio, ndiye mdaiwa. Mwenye maslahi makubwa kiasi hicho hastahili hata kuikaribia meza ya hukumu, sembuse kuamua.

Mwenendo wa kesi ni mbaya zaidi. Kwanza Portia anakubali kuwa hati ya deni, inayompa Shylock ratili ya nyama ya Antonio deni lisipolipwa kwa wakati, ni halali. Anamsihi Shylock aone huruma, anamwacha akatae fedha zilizoongezwa maradufu, kisha anamgeuzia kibao: achukue ratili yake ya nyama, ila asimwage tone la damu. Angeishia hapo, ungekuwa werevu wa wakili tu. Lakini anaibua sheria nyingine: mgeni akithibitika kutafuta uhai wa raia wa Venisi, nusu ya mali yake huenda kwa aliyekusudiwa kuuawa, nusu kwa hazina ya dola, na uhai wake hubaki mikononi mwa Mtawala. Papo hapo mdai anakuwa mhalifu, bila kusomewa mashtaka, bila wakili, bila nafasi ya kujitetea. Na kama sheria hiyo ilikuwapo, hati ile ilikuwa batili tangu siku ilipoandikwa, na Portia angeweza kulisema hilo mara tu alipoingia. Aliliweka akiba mpaka Shylock amekwisha kunaswa.

Ndipo inapokuja huruma inayosifiwa. Antonio anaomba adhabu ipunguzwe, kwa masharti kwamba Shylock awe Mkristo, na mali yake aiandike iwe urithi wa Jessica, bintiye, na Lorenzo, kijana Mkristo aliyemtorosha binti huyo pamoja na fedha na vito vya baba yake. Mtawala anatishia kuufuta msamaha iwapo Shylock atakataa. Kubatiza kwa shuruti kulikatazwa hata na sheria za Kanisa. Wala Shakespeare hakulikuta sharti hilo katika chanzo chake: katika Il Pecorone, mkusanyiko wa hadithi za Kiitaliano uliochapishwa 1558, Myahudi anairarua hati yake kwa hasira na mambo yanaishia hapo. Hakuna anayembadili dini.

Ni kweli kwamba Shylock alikuja na kisu, na mahakama ilipaswa kumzuia. Lakini kumnyang'anya mtu kisu hakuhitaji kumnyang'anya na dini yake. Tena kabla Portia hajaingia, Shylock aliikumbusha mahakama kwamba Wavenisi wana watumwa wa kununua wanaotumikishwa kama punda, wala hakuna anayewaambia wawaachie huru. Hakujibiwa. Huruma ilidaiwa kwa mtu mmoja tu ukumbini.

Wanaomsifu Portia kama mkombozi wa wanawake nao wanasahau Belmont, nyumbani kwake. Huko mume wa Portia anachaguliwa na wosia wa marehemu baba yake kwa visanduku vitatu vya dhahabu, fedha na risasi. Na Bassanio anapofaulu, Portia anamkabidhi nafsi yake, nyumba na mali. Mwana wa mfalme wa Morocco anaposhindwa, Portia anafurahi na kuwaombea wote wenye rangi yake washindwe vivyo hivyo. Akili yake ni kubwa kuliko ya wanaume wote waliomzunguka, ila inatumika kumkandamiza mtu mwingine aliyewekwa nje ya lango. Jukwaani London nafasi yake iliigizwa na mvulana. Padua halisi haikumpa mwanamke udaktari hadi 1678, Elena Cornaro Piscopia alipoupata katika falsafa, baada ya askofu kumkatalia ule wa teolojia.

Utetezi wa mwisho husema kwamba ndivyo zama zilivyokuwa. Uingereza ilikwisha kuwafukuza Wayahudi 1290. Venisi iliwafungia ndani ya geto tangu 1516. Na Roderigo Lopez, tabibu wa Malkia Elizabeth mwenye asili ya Kiyahudi, alinyongwa 1594, miaka michache tu kabla tamthilia haijaandikwa. Zama hizo zinaeleza chuki ilikotoka. Haziigeuzi hukumu kuwa ya haki. Mwaka 1943 tamthilia hii ilichezwa Vienna chini ya Wanazi, Werner Krauss akimwigiza Shylock kwa kumdhalilisha. Kilichowakera wasimamizi wa tamthilia katika utawala huo ni ndoa ya Jessica na Mkristo, iliyokiuka sheria zao za ubaguzi za 1935. Hukumu ya Portia haikuwapa shida.