MBUNGE ATULETEE TAARIFA, SALAMU TUMEZIPOKEA



Katika mkutano mkuu wa kijiji uliopita mama mmoja aliuliza swali fupi: zahanati yetu itaezekwa lini? Mwenyekiti akamtazama Mtendaji, Mtendaji akatazama karatasi zake, na swali likaingia katika muhtasari bila jibu. Baada ya mkutano majibu yakawa mengi. Ghalani walisema fedha ya bati ililetwa zamani ikaliwa. Kisimani walisema imehamishiwa kata ya jirani. Siku mbili baadaye, msibani, tukasikia kwamba haijatoka kabisa, iko katika bajeti ya mwaka ujao. Majibu matatu, na kati ya hao wasemaji wote hakuna aliyeona karatasi hata moja.

Ndugu, jambo hili si dogo. Tofali tulifyatua wenyewe. Mchanga tulibeba wenyewe, akina mama kwa ndoo na vijana kwa baiskeli. Kuta zimefika kwenye lenta na sasa nyasi zinaota ndani. Balozi akipita kuhimiza watu wakachimbe shimo la choo cha zahanati, anajibiwa: "Kwanza mtuambie bati zimekwenda wapi." Mtu wa namna hiyo utamwita mvivu? Jasho lake limo katika kuta zile. Anachokosa ni habari, na kwa kukosa habari ameweka jembe chini. Wakati huo mama mjamzito bado anapakiwa kwenye pikipiki usiku kupelekwa mbali.

Kwa hiyo safari hii tumeona tuandike juu ya Mheshimiwa Mbunge wetu na kazi yake ya kutupasha habari. Tunasema kwa heshima, maana ni mwenzetu, na tunasema wazi, maana kura ni zetu.

MBUNGE ANAJUA NINI

Wapo wanaodhani Mbunge ni mtu wa Dodoma tu. Sivyo. Kwanza, yumo Bungeni, ambako Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 63, inasema Bunge lina madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Huko anamwuliza Waziri swali, na Waziri anatakiwa kujibu. Pili, yeye ni mjumbe wa baraza la madiwani la Halmashauri ya Wilaya, mahali ambapo fedha za zahanati, madarasa na visima zinagawanywa. Tatu, upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo ni Mbunge mwenyewe.

Basi mtu mmoja amekaa katika vikao vitatu. Swali la yule mama lingeweza kujibiwa na mtu huyo mmoja kwa mistari miwili: fedha imetengwa au haikutengwa, imetoka au haijatoka. Wala hatusemi ailete mfukoni. Tunasema atuambie.

TUKUMBUKE MWAKA 2018

Sisi wakulima wa korosho tunao mfano wetu. Korosho ghafi inayokwenda nje ya nchi hutozwa ushuru. Kwa utaratibu wa sheria ya wakati ule, katika kila shilingi 100 za ushuru huo, shilingi 65 zilitengwa kuendeleza zao la korosho, kwa mambo kama pembejeo na utafiti, na shilingi 35 zilikwenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Mwezi Juni 2018, katika bajeti ya mwaka 2018/2019, sheria ilibadilishwa na ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini walisimama kulipinga jambo hilo na mjadala ukawa mkali.

Mjadala ule ulikuwa wa mikorosho yetu, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Lakini Juni ni mwezi wa kupuliza salfa. Watu walikuwa mashambani na pampu mgongoni. Tulichopata ni vipande vya redio: huyu amesema hivi, yule ametolewa maneno. Ulipoisha mjadala tulihitaji mtu atukalishe chini ya mwembe, atuambie: hoja ilikuwa hii, Serikali ilijibu hivi, uamuzi ni huu, kwa hiyo msimu ujao mkulima ajipange hivi kwa pembejeo. Kikao hicho hatukukipata.

Ukafika Novemba 2018. Bei za wanunuzi zilikuwa zimekataliwa na wakulima, Serikali ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kusomba. Bei ile kila mtu aliisikia siku ileile, hata mtoto. Lakini uhakiki wa wakulima utapita lini kijijini, nani ameachwa katika orodha na aende wapi, malipo yatafika mwezi gani, hayo redio ya taifa haiwezi kuyasema kwa kijiji kimoja kimoja. Hapo ndipo anapotakiwa mtu wa jimbo.

Na tujue hasara yake. Mkulima asiyejua malipo yake yanakuja lini huku ada ya mtoto imefika, huenda kwa mwenye fedha. Huweka rehani korosho iliyo bado juu ya mti, kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo kangomba tunayoipigia kelele kila msimu. Tunawakemea wanunuzi wake, na ni sawa tuwakemee, lakini kangomba hulishwa na giza. Mtu akiwa na tarehe mkononi, atavumilia. Asipokuwa na tarehe, atauza.

SALAMU SI TAARIFA

Tuseme haki. Mheshimiwa huja. Misiba yetu amehudhuria, jezi na mipira vijana wamepata, na anapopita husimamisha gari akasalimia wazee. Mambo hayo ni ya utu na tunashukuru. Lakini hotuba zikiisha, tukiulizana usiku amesema nini, tunakuta amesema "tunaendelea kulifanyia kazi". Jambo lipi? Nani analifanyia kazi? Mpaka lini? Hapo wote kimya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba ahadi bila daftari nayo hupotea vivyo hivyo.

Wapo wanaomtetea kwa kusema jimbo ni kubwa, vijiji ni vingi na barabara ni mbaya. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana hatuombi aje kila mwezi. Tunaomba karatasi. Karatasi haihitaji mafuta ya gari la pekee. Diwani huenda kwenye kikao cha Halmashauri kila miezi mitatu. Akirudi aje nayo.

Wapo vijana wanaosema mbona Mheshimiwa ana kundi la simu, na picha huko anaweka kila siku. Vizuri, na aendelee. Ila katika nyumba nyingi hapa simu ya kisasa hakuna, na mwenye nayo bando likiisha naye yuko gizani. Tena habari ya simu leo ipo, kesho imefunikwa na vichekesho. Karatasi ya ukutani inakaa. Mzee anaisoma leo, jioni anaitafakari, kesho anarudi kuikagua.

Na wapo wenzetu ndani ya Chama, hatuwezi kuficha, wanaosema kwamba Mbunge akiandika mambo yaliyokwama atawapa maneno wapinzani. Sisi ofisi ya tawi hatukubaliani nao. Maneno wanayo tayari, na yale matatu tuliyoyataja hapo juu yalitoka katika vinywa vya watu wetu wenyewe. Uvumi hauna kadi ya chama. Mbunge akishaapishwa ni wa jimbo zima, aliyempa kura na aliyemnyima. Akisema "niliomba, nikakataliwa, sababu ni hii", mtu mzima ataelewa. Mtu mzima hachukii kuambiwa hapana. Anachukia kuzungushwa.

TENA NI HAKI

Mtu asidhani kuomba taarifa ni uchochezi. Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ndiyo iliyoweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Sasa mkutano utaamua nini kama wajumbe hawajui kitu? Utakuwa mkutano wa kupiga makofi tu.

TUNACHOPENDEKEZA

Tunapendekeza Mheshimiwa Mbunge alete karatasi moja kila miezi mitatu, yenye mambo haya sita:

1. Swali gani la jimbo letu aliuliza Bungeni, tarehe gani, na Waziri alijibu nini.

2. Sheria au bajeti gani imepitishwa inayomgusa mkulima, na inaanza lini. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Karatasi ya mwezi huo iwe na mambo ya bajeti.

3. Halmashauri imepanga fedha gani kwa kata yetu, ngapi zimetoka, ngapi hazijatoka.

4. Mfuko wa Jimbo: umepokea kiasi gani, umekwenda kijiji gani, kwa kazi gani.

5. Mambo aliyoyaomba yakakataliwa, na sababu.

6. Ahadi alizotoa hapa kijijini, moja moja, na kila moja imefikia wapi.

Herufi ziwe kubwa na maneno yawe ya kawaida. Pakiwa na neno la kitaalamu lielezwe. Shilingi ziandikwe kwa tarakimu, tuzione.

NA SISI JE?

Taarifa ikiletwa ikaachwa inaliwa na mchwa, tutakuwa tumejidhulumu. Wengi wetu tulijua kusoma ukubwani, kwenye darasa la kisomo, tukiandika kwa chaki vidole vikitetemeka. Mwaka 1967 wasiojua kusoma katika nchi hii walikuwa kama watu wazima 67 katika kila 100. Mpaka katikati ya miaka ya 1980 hesabu za Serikali zilionyesha wamebaki kama 10. Yalikuwepo hata magazeti ya vijijini, kama Elimu Haina Mwisho, ili waliomaliza kisomo wasirudi kusahau. Kazi yote ile haikufanywa ili mtu asome jina lake kwenye gunia basi. Ilifanywa ili aweze kusoma mambo yanayomhusu na kuuliza.

Hivyo basi, karatasi ya Mbunge ikifika ibandikwe hapa hapa siku hiyohiyo, haina kukaa mezani kwa mtu. Darasa la kisomo liisome kwa sauti alasiri ya siku yake, na wasioona vizuri waje wasikie. Nakala iwekwe kwenye faili la kijiji, ili ahadi ya leo tuilinganishe na ya mwakani. Mwenyekiti aisome kwenye mkutano mkuu kabla ya mengineyo, maana mengineyo huwa yanakuja watu wamekwisha choka.

Vilevile ofisi ya ushirika imetoa daftari la maswali, liko kwa karani wa ghala. Mwenye swali aandike, asiyejua kuandika aandikiwe. Swali liwe la kazi ya Mbunge. Kumwomba nauli, kanga au mchango wa harusi si swali la daftari hili. Tukimfanya Mbunge wetu kuwa mfuko wa harusi, atatulipa kwa fedha ya harusi, na zahanati itabaki kuta.

Na vijana wenye simu za intaneti tunawapa kazi. Maneno yote ya Bungeni huandikwa katika Taarifa Rasmi za majadiliano, wanaita Hansadi, na hutolewa kwa Kiswahili. Tafuteni yaliyosemwa juu ya korosho na juu ya wilaya yetu, mnakili kwa mkono, mlete hapa tubandike. Hiyo ni kazi ya ujenzi wa taifa kama kufyatua tofali.

Swali la kwanza katika daftari limeshaandikwa, ni lile la yule mama: zahanati yetu itaezekwa lini? Barua ya kulipeleka kwa Mheshimiwa imesainiwa na Mwenyekiti wa Kijiji, Mwenyekiti wa Ushirika na Katibu wa Tawi, na itaondoka na Diwani siku ya kikao. Jibu likija, liwe zuri au baya, tutalibandika hapa neno kwa neno. Lisipokuja, tutabandika tarehe ya barua, na kila wiki tutaandika chini yake siku ngapi zimepita.

Wakati tunangoja, ndugu, shimo la choo lichimbwe. Jumamosi asubuhi, kila nyumba jembe moja.

Ndimi ndugu yenu,
Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji