Mtakwimu Hapimwi kwa Wingi wa Makala

Kila mwaka wa fedha unapofungwa, vitengo vya takwimu vinavyowahudumia watafiti wa tiba huulizwa maswali yale yale: ni makala ngapi zimebeba majina ya watakwimu wenu, ni ruzuku ngapi mmesaidia kuzipata, ni watafiti wangapi waliohudumiwa, na je, waliridhika? Majibu hukusanywa kwa urahisi, nayo hupendeza kwenye ripoti. Hoja inayofungua toleo hili ni kwamba vigezo hivyo vinaiacha kando kazi yenyewe. Sehemu nzito ya kazi ya mtakwimu hufanyika kabla mgonjwa wa kwanza hajasajiliwa, na mara nyingi tunda lake ni kosa ambalo halikutokea. Kitengo kithaminiwe kwa maamuzi ya utafiti ambayo kiliyabadilisha, na kwa hesabu zake kusimama pale mtu mwingine anapozirudia.

Ushahidi hauko mbali. Jaribio la FEAST liliendeshwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi, Mbale na Muheza. Liliuliza swali ambalo wengi walidhani limekwisha kujibiwa: je, mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko anafaidika akipewa haraka maji mengi ya dripu? Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliopewa maji ya albumini, waliopewa maji ya chumvi, na ambao hawakupewa maji hayo ya haraka. Lengo lilikuwa watoto 3,600, lakini kamati huru iliyokuwa ikifuatilia data ilishauri usajili usimamishwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na 10.5 ya watoto katika makundi mawili ya kwanza, dhidi ya asilimia 7.3 katika kundi la tatu. La kutafakari zaidi ni kwamba dalili za mshtuko zilitoweka mapema zaidi kwa waliopewa maji. Daktari aliyesimama kando ya kitanda, hata awe hodari namna gani, angeona mtoto akipata nafuu, na kama angefariki baadaye, lawama ingeuendea ugonjwa. Tofauti ya vifo vitatu kwa kila watoto mia haionekani wodini. Ilionekana kwa sababu ya mgawanyo wa bahati nasibu, kundi la kulinganisha na ukubwa wa sampuli, mambo yaliyoamuliwa kwenye itifaki. Sifa ya jaribio hilo ni ya madaktari na wauguzi pia, wala hakuna anayewapokonya. Lakini katika jedwali la mwisho wa mwaka hiyo ni makala moja, sawa kabisa na makala ambayo mtakwimu aliletewa data iliyokusanywa ovyo akaombwa aitafutie thamani ya p.

Mtakwimu R. A. Fisher alilisema hilo mwaka 1938 mbele ya mkutano wa watakwimu nchini India: anayemwendea mtakwimu baada ya jaribio kwisha mara nyingi anamwomba apasue maiti, aeleze tu kilichoua. Hata upasuaji huo una thamani kubwa kuliko inavyohesabiwa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza njia ya kutabiri kwa jeni za uvimbe ni dawa ipi itamfaa mgonjwa wa saratani. Keith Baggerly na Kevin Coombes, wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, walijaribu kuzirudia hesabu hizo zikakataa. Walikuta orodha za jeni zimesogea mstari mmoja, na mahali pengine seli zinazoitikia dawa zimeandikwa kuwa haziitikii. Wakati huo wagonjwa halisi walikuwa wakiingizwa katika majaribio yaliyotegemea njia hiyo. Uchambuzi wa Baggerly na Coombes ulitoka mwaka 2009 katika jarida la takwimu, majaribio yakafungwa mwaka uliofuata. Hakuna dawa mpya iliyozaliwa hapo. Kuna wagonjwa walioepushwa na tiba iliyochaguliwa kwa jedwali lililoharibika.

Wapo wanaosema mteja ndiye mwamuzi bora, basi mtafiti aulizwe kama alihudumiwa vizuri. Sikubali. Mtafiti anayeambiwa kwamba sampuli yake haitoshi, au kwamba swali lake halijibiki kwa data aliyo nayo, huondoka amenuna, na huenda siku hiyo ndiyo aliyohudumiwa vizuri kuliko zote. Kipimo cha kuridhika kinamfundisha mtakwimu kukubali.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kosa lililozuiwa halina umbo, hivyo kila kitengo kinaweza kujisifu kwalo. Hapo lazima tuwe wakali. Itifaki huwa na matoleo: lililoletwa kwenye kitengo na lililopelekwa kwa kamati ya maadili. Mtathmini kutoka nje anaweza kuyaweka bega kwa bega aone kama kipimo kikuu cha matokeo kilibadilishwa, kama sampuli ilikokotolewa upya, kama mpango wa uchambuzi uliandikwa kabla ya data kufunguliwa. Anaweza pia kuchukua makala chache bila kuchagua, aombe data na programu zake, azirudie hesabu. Tafiti ambazo kitengo kilishauri zisifanyike nazo ziandikwe, pamoja na sababu.

Kwa kitengo chenye mtakwimu mmoja anayehudumia hospitali nzima, kumbukumbu hizo ni mzigo, na hatudai kila mazungumzo ya korido yaandikwe. Tunadai ukurasa mmoja kwa kila itifaki, na mfadhili alipie saa za kuuandika kama anavyolipia mafuta ya gari la utafiti.