Betri Ina Namba Mbili

Askari anapokabidhiwa gari la doria la petroli, swali lake la kwanza ni tangi lina lita ngapi. Swali hilo ni la haki. Lakini sasa magari na pikipiki za umeme zimo katika barabara za Kampala, na aulizaye vivyo hivyo juu ya betri aweza kujibiwa kwa namba isiyomfaa.

Betri ya lithiamu ina namba mbili: ujazo wote uliotoka kiwandani, na ule mdogo zaidi ambao dereva huruhusiwa kuutumia. Chevrolet Volt ya mwaka 2011, gari la umeme lenye injini ya petroli ya akiba, ilibeba betri ya kilowati-saa 16; dereva alipata kiasi cha 10 tu. Zilizobaki zilifungiwa na programu, nyingine juu na nyingine chini. Wako wauitao huu wizi. Hatukubaliani nao. Betri ikikamuliwa hadi tone la mwisho huharibika, na ikijazwa pomoni kila siku huzeeka upesi. Tena gari la umeme lipunguzapo mwendo mteremkoni hurudisha nguvu betrini: ateremkaye kutoka kilima cha Muyenga kuja Kansanga na betri iliyojaa kabisa hana pa kuiweka nguvu hiyo.

Hata hivyo, si kila kufuli ni la kulinda betri. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipoikabili Florida nchini Marekani, kampuni ya Tesla iliwafungulia kwa muda baadhi ya wateja, kutoka mbali, umeme uliokuwamo garini mwao siku zote. Walikuwa wamelipa bei ya betri ndogo. Sisi twauliza: chombo cha ulinzi chaweza kuwa na kufuli ambalo ufunguo wake uko ng'ambo?

Jambo hili lawahusu askari wa Uganda hasa. Mabasi ya Kayoola EVS ya Kiira Motors yaliundwa Nakasongola, katika Luwero Industries, kiwanda kilicho chini ya NEC, shirika la uchumi la jeshi. Basi wakuu wa usafirishaji wa jeshi na polisi waagizapo magari ya umeme, mkataba na utaje kilowati-saa zinazotumika, si zile za tangazo. Utaje zitakazobaki baada ya miaka 5. Na useme nani anashika ufunguo. Kilomita nazo zipimwe kwa gari lililojaa askari na silaha zao, taa zikiwaka, katika msongamano wa barabara ya Ggaba, kutoka Kansanga hadi mjini na kurudi.