Mafuta ya kivumbasi hayajawa chandarua

Wazazi wengi wa Ngara na Biharamulo wanakijua kivumbasi. Tawi likiwekwa juu ya makaa jioni, mbu husogea. Tatizo ni kwamba harufu ile ni mafuta ya mmea, nayo hupeperuka upesi. Ikifika usiku wa manane, mbu wa malaria akiwa kazini, hakuna kilichobaki.

Wanasayansi wamepata njia ya kuyachelewesha. Mafuta hufungwa ndani ya chembechembe ndogo mno, ambazo mamia yake yakipangwa ndiyo hufikia unene wa unywele mmoja. Ganda lake ni kitu cha asili, mfano kitosani inayotokana na maganda ya kamba na kaa (kamba wa baharini, si ya kufungia mbuzi). Ganda hilo huachia mafuta kidogo kidogo. Maabara, chembe za aina hii zimeua viluwiluwi vya mbu.

Naunga mkono kazi hiyo, maana mbu wetu wamezoea dawa. Utafiti wa Muleba, mkoani humu humu, uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa miezi tisa baada ya kugawa vyandarua vya dawa ya kawaida, watoto 42 kati ya 100 walikuwa na vimelea. Palipogawiwa vyandarua vilivyoongezwa PBO, kiambato kinachopunguza usugu wa mbu, walikuwa 29. Tunahitaji silaha zaidi.

Lakini kuua viluwiluwi kwenye bakuli ni jambo moja, kumlinda mtoto wa Rulenge hadi alfajiri ni jingine. Watafiti waje wajaribu huku, nyumbani mwetu. Kabla ya hapo, anayekuuzia chupa mnadani kwa sifa za “nano” mwulize usajili wa TPHPA, mamlaka ya viuatilifu. Fedha hiyo isichukue nafasi ya chandarua, ambacho kliniki hukitoa bure kwa mjamzito na kwa mtoto anapochanjwa surua. Na homa ya mtoto ipimwe siku hiyo hiyo, hata nyumba ikinukia kivumbasi.

Neno “asilia” nalo linawalaza wazazi. Mafuta ya mkaratusi, mtoto akiyanywa hata kidogo, yanaweza kumletea degedege. Yawekwe juu, mbali na mikono yake. Akiyanywa, usimtapishe, mkimbize kituo cha afya, na chupa uibebe.