Sikio Linalolala na Njaa



Wahenga walisema sikio halilali na njaa, wakimaanisha kwamba habari haikosi kumfikia mtu. Lakini katika majumba yetu wamo wazee ambao masikio yao hulala na njaa kila siku, ilhali nyumba imejaa watoto na wajukuu. Nyanya huuliza, "Mwasema nini?" Hujibiwa, "Si kitu." Akilizoea jibu hilo huacha kuuliza. Kisha huacha kuja ukumbini, huacha kwenda arusini na matangani, nasi husema amekuwa mkaidi, au akili imeanza kumtoka.

Suratul-Israa imetukataza kuwakemea wazazi wetu wafikapo uzeeni, ikatuamrisha tuseme nao kwa heshima. Basi neno la heshima lisilofika sikioni mwa mzazi, tumelisema kwa ajili ya nani?

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma za kurekebisha usikivu. Uzeeni usikivu hupungua polepole, na aghalabu huanza kwa sauti nyembamba. Mzee husikia kwamba mtu anasema, asiyapambanue maneno, hasa penye kelele. Kumpigia ukelele hakumfai. Humfedhehesha mbele ya wageni tu. Tumkabili uso kwa uso penye mwangaza, tupunguze sauti ya televisheni, tuseme taratibu. Neno lisipofahamika, tulibadili. Na dada zetu wanaovaa nikabu waishushe wakiwa ndani na maharimu zao, kwani midomo nayo husomwa.

Kisha apelekwe hospitali. Wengine huwa wamezibwa na nta tu, nayo huondolewa na mhudumu wa afya, si kwa kijiti wala kwa mafuta ya moto. Ambaye usikivu wake umepungua kweli hupimwa, na huenda akashauriwa kuvaa kifaa cha kusikia. Hapo ndipo jamaa wengi huvunjika moyo: kifaa hununuliwa kwa fedha nyingi, mzee akakivaa siku mbili, kikaishia kabatini. Kifaa hukuza sauti zote, za sufuria na za pikipiki pia, na ubongo huhitaji majuma kadhaa kuzizoea upya. Aanze kwa saa chache mahali patulivu, akizungumza na mtu mmoja, kisha aongeze. Akivue anapotawadha na anapooga, kifutwe kwa kitambaa kikavu, na kikimuudhi arejeshwe kwa mtaalamu akirekebishe.

Imepokewa kwamba Hatim al-Asamm, mchamungu wa Balkh aliyefariki mwaka 237 Hijria, hakuwa kiziwi. Mwanamke alimwendea kumuuliza suala, akatokwa na sauti iliyomtia haya. Hatim akamwambia apaze sauti, kana kwamba hasikii, ili amwondolee aibu yule mwanamke. Tangu hapo akaitwa Kiziwi. Yeye alibeba jina la uziwi ili amstiri mgeni. Sisi hatuwezi kumstiri mzee wetu mwenye uziwi wa kweli, kwa kumketisha karibu na kumweleza kilichotuchekesha?

Tuanze usiku wa leo. Akiuliza tumesema nini, asijibiwe tena "si kitu".

Wabillahi tawfiq.